Sekunde Moja Katika Kilomita 21

Tarehe 6 Desemba 2020, Kibiwott Kandie wa Kenya alimaliza nusu marathoni ya Valencia, Hispania, kwa dakika 57:32. Novemba 21 ya mwaka uliofuata, jijini Lisbon, Jacob Kiplimo wa Uganda akamaliza kwa 57:31. Ikapita karibu miaka mitatu, na tarehe 27 Oktoba 2024 Yomif Kejelcha wa Ethiopia akashinda Valencia kwa 57:30. Rekodi ya dunia ilihama nchi mara mbili, na kila ilipohama ilishuka kwa sekunde moja tu.

Kwa kasi hiyo mwanariadha hupita mita sita na ushei kila sekunde. Tuseme watatu hao wangeanza pamoja katika barabara moja, kila mmoja akakimbia kwa muda wake huo. Baada ya kilomita 21 na mita 97.5, wa kwanza na wa tatu wangetengana kwa urefu wa basi moja la mikoani.

Naipenda nusu marathoni kuliko mbio nyingine zozote za barabarani kwa sababu hapa hesabu ya bingwa na hesabu ya mkimbiaji wa Jumapili ni ileile. Anayemaliza kwa saa 2:04 akataka 2:03 anatafuta alichokitafuta Kiplimo: kuupunguza muda uliotangulia. Nimekusanya hapa vinara wa mbio hizi, na kadiri ninavyowapanga ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba muda bora huandikwa kwa jina la mtu mmoja ilhali hutengenezwa na wengi, aliokimbia nao na waliomtangulia.

Wa kwanza chini ya saa moja

Aprili 3, 1993, mjini Milan, Moses Tanui wa Kenya alikimbia 59:47. Ndiye wa kwanza kuweka rekodi ya nusu marathoni chini ya dakika 60. Tanui hakuwa mgeni wa ushindi, kwani miaka miwili kabla ya hapo alikuwa bingwa wa dunia wa mita 10,000 mjini Tokyo. Wengi hata hivyo wanamkumbuka kwa kisa cha Agosti ya mwaka huohuo wa 1993 mjini Stuttgart. Katika fainali ya mita 10,000, Haile Gebrselassie aliyekuwa nyuma yake alimkanyaga kisigino mzunguko wa mwisho ulipowadia. Kiatu kikalegea, Tanui akakitupa, akakimbia na kimoja, na Haile akampita karibu na mstari. Inasikitisha kwamba kiatu kile kinatajwa mara nyingi kuliko 59:47 yake, maana muda ule ndio uliofungua mlango.

Thamani yake ilidhihirika miaka 30 baadaye. Oktoba 8, 2023, Kelvin Kiptum alikimbia marathoni nzima ya Chicago kwa saa 2:00:35, muda ambao hakuna aliyekuwa ameufikia katika mashindano rasmi. Nusu ya kwanza aliipita kwa saa 1:00:48. Piga hesabu mwenyewe: nusu ya pili aliikimbia kwa 59:47. Ule muda ulioishangaza dunia mwaka 1993, sekunde kwa sekunde, Kiptum aliukimbia akiwa tayari na kilomita 21 miguuni.

Kiptum alikulia Chepkorio, katika Bonde la Ufa, eneo ambalo wanariadha hupita wakifanya mazoezi. Kocha wake, Gervais Hakizimana wa Rwanda, alikuwa mmoja wa wakimbiaji hao, naye alisimulia jinsi alivyomwona kwanza kama mtoto mchunga mifugo aliyekuwa akiwafuata mbio bila viatu. Walifariki pamoja katika ajali ya gari usiku wa Februari 11, 2024, Kiptum akiwa na miaka 24. Muda wake bora katika nusu marathoni yenyewe ulikuwa 58:42, alioupata katika mashindano nitakayoyaeleza hivi punde, na siku hiyo alikuwa wa sita.

Kijana kuliko wote

Paul Tergat aliiweka rekodi kwenye 59:17 mwaka 1998, ikakaa miaka saba. Aliyeiondoa Septemba 2005 mjini Rotterdam alikuwa Samuel Wanjiru, kijana wa Nyahururu aliyesoma sekondari Japani. Alikuwa na miaka 18, na muda wake ulikuwa 59:16. Sekunde moja tena.

Miezi minne baadaye Haile alimpokonya kwa kukimbia 58:55 huko Arizona, Marekani. Wanjiru akaichukua tena Februari 2007 huko Ras Al Khaimah, katika Falme za Kiarabu, kwa 58:53, kisha Machi ya mwaka huohuo akaiteremsha hadi 58:33 mjini The Hague. Rekodi tatu za dunia kabla ya kutimiza miaka 21! Mwaka uliofuata alitwaa dhahabu ya marathoni ya Olimpiki mjini Beijing. Alifariki Mei 2011 akiwa na miaka 24, umri uleule wa Kiptum.

Iliyokaa, na iliyofutwa

Zersenay Tadese wa Eritrea alikimbia 58:23 mjini Lisbon Machi 21, 2010. Alianzia kwenye baiskeli kabla ya kugeukia riadha, na ndiye aliyeipatia nchi yake medali ya kwanza ya Olimpiki, shaba ya mita 10,000 mwaka 2004. Ana mataji matano ya dunia ya mbio za barabarani, manne ya nusu marathoni na moja la mwaka 2006, mashindano hayo yalipokimbiwa kwa kilomita 20. Sioni mwingine anayestahili zaidi kuitwa mfalme wa umbali huu, ingawa jina lake halitajwi sana katika vijiwe vyetu.

Rekodi yake ilidumu zaidi ya miaka minane. Oktoba 2018 Abraham Kiptum wa Kenya alikimbia 58:18 Valencia, na kwa miezi michache vitabu vikabadilishwa. Kisha pasipoti yake ya kibiolojia, yaani kumbukumbu ya vipimo vya damu inayofuatiliwa kwa muda mrefu, ikamuumbua. Akafungiwa miaka minne na muda ule ukafutwa, hivyo Tadese akarudishiwa rekodi. Septemba 2019 Geoffrey Kamworor akaivunja kwa haki mjini Copenhagen: 58:01.

Kamworor huyo ndiye mwenye kisa ninachokipenda kuliko vyote katika mashindano ya dunia ya nusu marathoni. Cardiff, Machi 2016, mara tu mbio zilipoanza aliteleza, akaanguka, umati ukampitia juu. Akainuka na magoti yaliyochubuka, akawafuata viongozi katika mvua na upepo, akashinda kwa 59:10. Mo Farah wa Uingereza, akikimbia nchini kwake, alikuwa wa tatu.

Siku moja, wanne chini ya rekodi

Sasa turudi Valencia, Desemba 6, 2020, kwa sababu sijui siku nyingine katika mbio za barabarani iliyofanana nayo.

Ulikuwa mwaka wa korona. Mashindano yaliahirishwa kila mahali, na wanariadha wa Iten na Kaptagat nchini Kenya na wa Kapchorwa nchini Uganda walifanya mazoezi miezi mingi bila kujua watakimbia lini. Waandaaji wa Valencia waliamua kuwaalika wanariadha wa daraja la juu peke yao. Wiki saba kabla ya hapo, mjini Gdynia, Poland, Kiplimo alikuwa ametwaa ubingwa wa dunia akiwa na miaka 19, kwa 58:49, na Kandie alikuwa wa pili kwa 58:54. Kandie, mwanajeshi wa Kenya, alikwenda Hispania na deni la sekunde tano.

Deni alilipa. Walikimbia bega kwa bega hadi kilomita za mwisho, ndipo Kandie akafyatuka. Saa ilisoma 57:32 kwake, 57:37 kwa Kiplimo. Nyuma yao walikuja Rhonex Kipruto kwa 57:49 na Alexander Mutiso kwa 57:59. Wote wanne walikuwa chini ya 58:01 iliyokuwa rekodi ya dunia asubuhi ile. Mutiso, ambaye baadaye angeshinda marathoni ya London ya mwaka 2024, alikimbia kwa kasi kuliko binadamu yeyote kabla ya siku hiyo, na bado hakupanda jukwaani.

Sharti niseme pia kilichofuata. Mwaka 2024 Kipruto alifungiwa miaka sita kwa kosa la dawa za kusisimua misuli, na matokeo yake yote tangu Septemba 2018 yakafutwa, hili likiwemo. Inauma zaidi kwa sababu mbio hizi hutegemea wenzio. Anayedanganya hujiongezea sekunde zake, na pia hubadilisha mwendo wa kila aliye kando yake.

Viatu navyo vilichangia. Ule ulikuwa mwaka ambao kiatu chenye soli nene ya povu jepesi na bamba gumu ndani yake kilikuwa kimeenea, na Shirikisho la Riadha Duniani likaweka kikomo cha unene wa soli kuwa milimita 40 kwa mbio za barabarani. Ndiyo, kiatu kile huwasaidia. Lakini wote wanne walivaa viatu vya kizazi hichohicho, na viatu havielezi kwa nini Kandie aliondoka dakika ile aliyoondoka. Hilo linaelezwa na Gdynia.

Aliyeshuka chini ya rekodi mara mbili asiimiliki

Upande wa wanawake nitasimama kwa muda mrefu zaidi kwa mtu ambaye jina lake halimo katika orodha ya rekodi za nusu marathoni.

Kwanza aliyemo. Joyciline Jepkosgei wa Kenya, Aprili 1, 2017, mjini Prague, alikuwa mwanamke wa kwanza kukimbia chini ya dakika 65, kwa saa 1:04:52. Katika mbio hizohizo alivunja rekodi za kilomita 10, 15 na 20 alipokuwa akizipita njiani. Rekodi nne za dunia kwa asubuhi moja! Oktoba ya mwaka huo alikwenda Valencia akakimbia 1:04:51, na unaijua tayari tofauti.

Kufikia katikati ya mwaka 2021 rekodi ilikuwa 1:04:02. Agosti 29, mjini Larne, Ireland ya Kaskazini, Yalemzerf Yehualaw wa Ethiopia alimaliza kwa 1:03:44. Mwanamke wa kwanza chini ya dakika 64, au ndivyo walivyoshangilia watu pale. Njia ilipopimwa upya ikaonekana pungufu kwa mita 54. Muda ukatupwa.

Mita 54 kwa kasi yake ni kama sekunde kumi. Ukimwongezea hizo unapata takriban 1:03:54, bado chini ya rekodi ya wakati ule. Haisaidii. Rekodi haikadiriwi, hukimbiwa. Na wala si makosa yake: mkimbiaji hufuata koni na utepe alioukuta barabarani.

Inafaa kujua njia hupimwaje. Mpimaji hupanda baiskeli iliyofungwa kihesabu mizunguko kwenye gurudumu la mbele, naye hufuata njia fupi kabisa ambayo mkimbiaji angeweza kupita, sentimita 30 kutoka ukingo wa barabara kwenye kona. Kisha kila kilomita huongezwa mita moja, ili njia isije ikapungua kwa bahati mbaya. Nusu marathoni hupata hivyo nyongeza ya mita 21. Kwa mtu mwenye kasi ya Kandie hizo ni zaidi ya sekunde tatu. Zile rekodi zilizopokezana sekunde moja moja, basi, zina pengo dogo kuliko tahadhari ya mpimaji. Hilo halizipunguzii thamani machoni pangu, ila linanifanya nimheshimu yule mtu wa baiskeli.

Wiki nane baada ya Larne, Oktoba 24, Yehualaw alisimama kwenye mstari wa Valencia, barabara ambayo hakuna aliyetilia shaka urefu wake. Akakimbia 1:03:51. Chini ya rekodi ya dunia, na safari hii kihalali. Lakini mbele yake, karibu dakika nzima, alikuwa Letesenbet Gidey kutoka Tigray, Ethiopia, aliyekuwa akikimbia nusu marathoni ya kwanza ya maisha yake. Muda wa Gidey ulikuwa 1:02:52. Aliikata rekodi kwa sekunde 70, na kuanzia hapo akawa na rekodi tatu kwa mpigo: mita 5,000, mita 10,000 na nusu marathoni. Waliomfuatilia husimulia kwamba utotoni alifukuzwa shule kwa kukataa kukimbia katika kipindi cha michezo, akarudishwa kwa sharti la kukimbia.

Kila mwandishi aliandika habari za Gidey, na ni haki yake. Mimi bado namfikiria Yehualaw, aliyerudi baada ya kuvuliwa muda wake, akaonyesha mbele ya macho ya dunia kwamba hesabu ya Larne haikuwa uongo, akapata nafasi ya pili.

Mtanzania juu ya dunia

Hili lipite kwa ufupi, ila lisisahaulike. Bingwa wa dunia wa nusu marathoni wa mwaka 2005, mjini Edmonton, Kanada, ni Fabiano Joseph wa Tanzania, kwa saa 1:01:08. Miaka miwili kabla ya hapo alikuwa amepata fedha. Alphonce Simbu aliposhinda marathoni ya dunia mjini Tokyo Septemba 2025, akimpita Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu tatu za mia za sekunde, wote wakiandikiwa 2:09:48, nilitamani vituo vyetu vya redio vingemtaja na Fabiano. Barabara ile ilikuwa na nyayo za mwenzetu tayari.

Chini ya dakika 57

Februari 16, 2025, Kiplimo alikwenda Barcelona. Kijana wa Bukwo, chini ya Mlima Elgon, aliyekwishapoteza rekodi yake kwa sekunde moja, hakutaka kuirudisha kwa sekunde moja. Aliwaacha wenzake mapema mno akamaliza kwa 56:42, sekunde 48 chini ya muda wa Kejelcha. Wastani wake ulikuwa dakika 2:41 kwa kilomita.

Barcelona inaijaribu imani yangu kuhusu wenzi, maana alikimbia peke yake karibu njia nzima. Kulikuwa na gari lililotangulia mbele yake, nalo likazua mjadala mkali kama lilikuwa karibu mno kiasi cha kumkinga upepo. Hoja hiyo ni ya haki, na kanuni zipo kwa ajili yake. Kwangu mimi, hata hivyo, wenzi wa Kiplimo siku ile walikuwa Kandie wa Valencia na Kejelcha wa mwaka uliotangulia. Ukishapokonywa kwa sekunde moja, unajua kabisa utakimbia dhidi ya nani hata barabara ikiwa tupu.

Na wewe, mwenye 2:04

Si kila njia hutoa muda bora. Nusu marathoni ya Kilimanjaro, inayoanzia na kuishia Moshi, hupanda kuelekea Mweka kabla ya kurudi ikishuka. Ile ya Lewa, Kenya, hukimbiwa kwenye hifadhi ya wanyama, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, askari wa wanyamapori wakilinda njia na helikopta ikizunguka angani. Hizo ni mbio za kukimbia angalau mara moja maishani, lakini usiende huko kutafuta muda wako bora. Linganisha muda wa Moshi na muda wako wa Moshi. Ukitaka rekodi yako ya maisha, tafuta njia tambarare, na katika pwani yetu tafuta miezi ya Juni na Julai, joto linapopungua.

Anayetaka kushuka chini ya saa mbili anahitaji dakika 5:41 kwa kila kilomita. Kosa ninaloliona sana ni la watu kuanza kwa 5:15 kwa sababu muziki unapiga na kundi limechangamka, wakizihesabu zile sekunde kama akiba. Hazikai. Kwenye kilomita ya 16 au 17 zinadaiwa pamoja na riba. Afadhali ufike kilomita ya 10 ukiwa umechelewa kidogo na pumzi ipo, kisha utafute mtu mwenye mwendo wako umshike. Vikundi vya jogging vya Dar es Salaam, vinavyokutana alfajiri za mwisho wa wiki, vimewashusha watu dakika nyingi kuliko programu zozote za simu, kwa sababu kuna mtu wa kukuambia "twende" pale unapotaka kutembea.

Saa ya mkononi ikikuambia umekimbia kilomita 21.3, usigombane na waandaaji. Kuna zile mita 21 za mpimaji, kuna kona ulizozizungukia kwa nje, na setilaiti nazo hukosea. Jambo la kuuliza kabla ya kulipa ada ni kama njia imepimwa na mpimaji anayetambuliwa, na kama kuna chipu inayohesabu tangu unapovuka mstari wa kuanzia wewe mwenyewe. Katika mbio za watu maelfu unaweza kutumia dakika mbili kuufikia mstari huo baada ya baragumu, na saa kubwa ya langoni hukuhesabia hizo pia. Mabingwa huandikiwa muda wa baragumu, kwa kuwa wao husimama mbele. Wewe chukua wa chipu, uuandike pamoja na jina la njia na tarehe, na majina ya mliokimbia pamoja.